Robert Serumaga: Aliyeondoa maneno jukwaani ili aweze kusema

KATIKA miinuko ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, neno mkimbizi halihitaji ufafanuzi. Tangu mwaka 1972, na kwa wingi zaidi baada ya Oktoba 1993, wenyeji wa wilaya hizo wamewapokea majirani zao wa Burundi waliovuka mpaka wakiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya watu waliokimbia vita mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire.

Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wapiga ngoma, waimbaji na watambaji wa hadithi. Hao walikuja na mali ambayo hakuna askari wa mpakani awezaye kuipekua, kwa kuwa imo mwilini na kichwani mwa mwenyewe. Ndiyo maana ngoma za Burundi ziliendelea kulia makambini hata pale chakula kilipokuwa haba.

Kisa cha msanii aliye mkimbizi kiliwahi kuwekwa jukwaani mjini Kampala zaidi ya nusu karne iliyopita. Aliyekitunga, Robert Serumaga wa Uganda, alikuwa wakati huo kijana msomi mwenye kazi, jina na nchi yake. Hakujua kwamba miaka michache baadaye yeye mwenyewe angekuwa mkimbizi, wala kwamba njia yake ya kurudi nyumbani ingepitia katika ardhi ya Tanzania.

Serumaga alifariki dunia mjini Nairobi, Kenya, Septemba 1980, akiwa na umri wa takriban miaka 41. Katika maisha hayo mafupi alikuwa mchumi, mwanaredio, mwandishi wa riwaya, mtunzi wa tamthilia, mwigizaji, mwongozaji, mpinzani wa utawala wa kiimla na waziri. Lakini jambo linalomtofautisha na wenzake wa Afrika Mashariki ni moja: katika nchi ambayo maneno yalikuwa yakiwaua wenye kuyasema, yeye aliyapunguza jukwaani hadi yakaisha, akabaki na miili, sauti na ngoma.

Kutoka Buganda hadi Dublin

Alizaliwa mwaka 1939 katika nchi ya Buganda, wakati Uganda ikiwa chini ya Waingereza. Alikua katika imani ya Kikatoliki, na baada ya masomo ya nyumbani alikwenda Ireland, katika Chuo cha Trinity mjini Dublin. Huko hakusomea sanaa bali uchumi, akapata shahada ya uzamili mwaka 1965.

Dublin ni mji wenye mapenzi makubwa ya maigizo, na kijana huyo wa uchumi hakuondoka mikono mitupu. Miaka hiyo kumbi za Ulaya zilitawaliwa na tamthilia ambazo wahusika wake wanasubiri kisichokuja na kuzungumza bila kuelewana. Mkondo huo uliacha alama katika kazi zake za mwanzo.

Kutoka Dublin alihamia London, akajihusisha na redio. Mwishoni mwa 1966 na mwanzoni mwa 1967 aliwahoji waandishi wakubwa wa Afrika, akiwamo Chinua Achebe wa Nigeria na Alex La Guma wa Afrika Kusini. Mahojiano hayo yaliingizwa katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1972, ambacho wanafunzi wa fasihi wanakitumia hadi leo.

Ni vema kukumbuka hali ya wakati ule. La Guma alikuwa uhamishoni kwa sababu ya siasa za ubaguzi wa rangi, na Nigeria ya Achebe ilikuwa imepita katika mapinduzi mawili ya kijeshi ndani ya mwaka mmoja. Serumaga aliketi mbele ya watu ambao nchi zao zilikuwa zimeanza kuwageuka. Uganda nayo ilikuwa imeanza safari hiyo, kwani Mei 1966 majeshi ya Milton Obote yalishambulia kasri ya Kabaka Mutesa II, na mfalme huyo akakimbilia Uingereza.

Jumba la maigizo Kampala

Aliporejea nyumbani, Serumaga alikuta jiji lenye jumba zuri la maigizo lililofunguliwa Desemba 1959, lakini lenye mvutano juu ya nani wenye nalo. Wageni wa Kizungu na Kiasia walikuwa na vikundi vyao na michezo yao. Kwa upande wa Waafrika, Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha kikundi chake tangu mwaka 1954, naye aliandika kwa Kiganda kwa ajili ya jukwaa, redio na televisheni.

Serumaga aliandika kwa Kiingereza. Tamthilia yake ya kwanza, A Play, ilionyeshwa mwaka 1967, mwaka ambao Uganda iliadhimisha miaka 5 ya uhuru. Badala ya kusifu taifa changa, tamthilia hiyo ilimhusu Mutimukulu, mwanamume anayesumbuliwa usiku na kumbukumbu ya kifo cha mkewe, Rose. Ni hadithi ya dhamiri isiyolala, na mtazamaji wa Kampala aliachwa ajiulize kama ni mtu mmoja tu aliyekuwa na maiti moyoni mwake.

Mwaka 1968 alianzisha kampuni yake ya maigizo, Theatre Limited, akiwa mwongozaji na mwigizaji kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata ikatoka riwaya yake pekee, Return to the Shadows, katika mfululizo mashuhuri wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann.

Riwaya hiyo inasimulia habari za Joe Musizi, msomi mwenye mali, anayelazimika kukimbia baada ya wanajeshi kupindua serikali. Nchi yenyewe inaitwa Adnagu. Msomaji akilisoma jina hilo kutoka mwisho kwenda mwanzo hahitaji kuambiwa zaidi. Kitabu kilitoka mwaka 1969, na Idi Amin alitwaa madaraka Januari 25, 1971.

Kati ya tarehe hizo mbili Serumaga alitoa tamthilia ya pili, The Elephants, mwaka 1970. Hii ndiyo yenye mkimbizi wetu wa mwanzo. David ni mtafiti wa chuo kikuu, na Maurice ni mchoraji aliyeikimbia nchi yake, anayeishi chini ya hifadhi ya rafiki huyo. Urafiki wao unaonekana imara hadi anapoingia Jenny, msichana wa Kimarekani, ndipo inapobainika kwamba anayehifadhi na anayehifadhiwa wote wana majeraha, na kwamba ukarimu nao unaweza kugeuka kuwa kamba ya kumfungia mtu.

Mtu wa Kasulu au Kibondo angeielewa tamthilia hiyo bila mhadhara. Anajua kwamba mwenyeji na mgeni wakikaa miaka mingi pamoja, swali haliwi tena nani amempa nani chakula, bali nani anamhitaji nani, na nani ana haki ya kuondoka.

Majangwa na maiti ya kando ya barabara

Asubuhi ya mapinduzi ya 1971, Waganda walimsikia mwanajeshi akisoma redioni sababu 18 za kuiondoa serikali ya Obote. Wengi katika Buganda walishangilia. Haikuchukua muda kabla miili ya watu haijaanza kuokotwa misituni na mtoni.

Mwaka huohuo Serumaga alitoa Majangwa, tamthilia ambayo wengi wanaihesabu kuwa bora kuliko zote alizoandika kwa maneno. Majangwa alikuwa mpiga ngoma mwenye sifa. Baadaye hadhira ilichoka na ngoma zake, ikamtaka yeye na mkewe, Nakirijja, wafanye mambo ya aibu hadharani ili walipwe. Usiku mmoja wawili hao wako kando ya barabara, na karibu nao umetupwa mwili wa mtu.

Hakuna kiongozi anayetajwa katika tamthilia hiyo, wala chama, wala kabila. Lakini mambo mawili yamewekwa bega kwa bega, yaani msanii aliyevuliwa utu wake na maiti isiyo na mwenyewe. Ujumbe ni kwamba jamii iliyokubali la kwanza haitashtuka sana itakapokutana na la pili.

Katika nchi ambayo redio na televisheni zilikuwa mali ya serikali, jukwaa lilibaki kuwa mahali pachache ambapo jambo kama hilo lingeweza kusemwa. Hata hivyo, jukwaani nako masikio ya wapelelezi yalikwisha kufika.

Abafumi, wasimuliaji wasiosema

Ni wakati huo ambapo Serumaga alibadili njia. Mwaka 1971 alianza kukusanya vijana na kuwafunza upya, akaunda kikundi kilichojulikana kwa jina la Abafumi, maana yake wasimuliaji wa hadithi. Mafunzo yalikuwa makali. Vijana walifundishwa kuutumia mwili wote, kudhibiti pumzi, kucheza ngoma za makabila mbalimbali na kusikilizana bila kutazamana.

Zilikuwapo sababu mbili za mabadiliko hayo, na zote zinafaa kueleweka na Mtanzania.

Ya kwanza ilikuwa lugha. Katika miaka hiyohiyo, Dar es Salaam ilikuwa imepata tamthilia za Kiswahili kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, na Hatia ya Penina Muhando, ya mwaka 1972. Mwandishi wa Tanzania alikuwa na lugha moja ya kumfikisha kwa mkulima wa Kibondo na kwa mpagazi wa bandarini. Mwandishi wa Uganda hakuwa nayo. Kiingereza kilikuwa cha wasomi, Kiganda kilikuwa cha Buganda, na Kiswahili, ambacho Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, katika masikio ya wengi kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani.

Sababu ya pili ilikuwa usalama. Neno lililosemwa linaweza kunukuliwa, kuandikwa katika taarifa ya mpelelezi na kusomwa mbele ya mkubwa. Lakini mwili unaoanguka, kilio kisicho na maneno na ngoma inayokatika ghafla haviwezi kuandikwa katika faili lolote. Mwenye macho haambiwi tazama.

Matunda ya kwanza makubwa ya njia hiyo yalikuwa Renga Moi, ya mwaka 1972, iliyotokana na simulizi ya Waacholi. Shujaa wa kijiji cha vilima saba amepata watoto pacha, na mila inamtaka akamilishe miviga kabla hajashika silaha. Adui anavamia. Akibaki kwa ajili ya wanawe, kijiji kinateketea. Akienda vitani, anavunja mwiko. Shujaa anakwenda, anaokoa kijiji, na anaporudi anakuta watoto wake wametolewa kafara.

Katika kazi hiyo lugha kadhaa za Uganda ziliingia pamoja na nyimbo, ngoma na uigizaji bubu, kiasi kwamba asiyejua hata mojawapo aliweza kuifuata hadithi. Mwaka 1975 Abafumi waliionyesha London katika ukumbi wa Aldwych, kwenye msimu wa maigizo ya dunia, na watazamaji wa Kiingereza wakaielewa bila mkalimani.

Kazi iliyofuata, Amayirikiti, ya mwaka 1974, ilikwenda mbali zaidi. Jina lake ni la miti yenye maua mekundu kama moto. Humo maneno yaliondolewa, yakabaki mwendo na sauti tu, na ndani ya ukimya huo watazamaji wa Kampala walitambua hofu, ukamataji na vifo walivyokuwa wakiviishi kila siku. Wahenga walikwisha sema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ngao iliyokuwa na upande wa pili

Pamoja na hayo, itakuwa si haki kusimulia sehemu hii kana kwamba haikuwa na doa. Kikundi cha Abafumi kilisafiri nje kikiwa na jina la Uganda katika miaka ambayo jina hilo lilihitaji sana kusafishwa. Wapo waliohoji wakati ule, na wapo wanaohoji hadi leo, kama msanii huyo hakuwa akimpamba mtawala aleale aliyekuwa akimsuta.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Sanaa isiyo na maneno ina faida kwamba dikteta hawezi kuishika mahali pa kuikamata. Lakini ina hasara yake pia, kwani dikteta huyohuyo anaweza kuipigia makofi na kudai kwamba ni utamaduni wa taifa lake. Ngao iliyomkinga Serumaga ndiyo iliyompa mtawala nafasi ya kusimama karibu naye.

Kipimo cha ukweli wa jambo hili kilikuja mwanzoni mwa 1977. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa jumba la maigizo la taifa na mtunzi mashuhuri wa michezo ya Kiganda yenye nyimbo, alikuwa amepeleka mchezo wake, Oluyimba lwa Wankoko, katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika mjini Lagos, Nigeria. Mchezo huo uliwahusu wenye tamaa ya madaraka, na ulisema kwa maneno. Baada ya kurejea Kampala, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama, akauawa.

Februari 16 mwaka huohuo aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana pamoja na mawaziri wawili. Baada ya hapo hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyeamini kwamba jina, cheo au sifa ya nje vingemwokoa. Mwaka 1977 Serumaga aliiacha Uganda, akaingia Kenya. Mtunzi wa kisa cha Maurice akawa Maurice.

Moshi, 1979

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Novemba 2 Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania itapigana, na vijana kutoka mikoa yote, kuanzia pwani hadi miinuko ya Kigoma, waliitwa jeshini na katika mgambo.

Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wamegawanyika vibaya. Kulikuwa na wafuasi wa Obote, wapinzani wa Obote, wasomi, wafalme wasio na viti na wanajeshi wasio na majeshi. Serumaga alikuwa miongoni mwa walioamua kwamba wakati wa jukwaa umepita, akajiunga na harakati za kumwondoa Amin kwa silaha.

Machi 24 hadi 26, 1979, makundi hayo yalikutana Moshi, mkoani Kilimanjaro, yakaunda umoja wa ukombozi uliofahamika kwa kifupi UNLF, chini ya Profesa Yusuf Lule. Aprili 11 Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na siku mbili baadaye Lule akaapishwa kuwa rais. Katika baraza lake la mawaziri Serumaga alipewa wizara ya biashara.

Kwa mara ya kwanza mchumi wa Dublin na msanii wa Kampala walikutana katika kazi moja. Lakini nchi ilikuwa imeporwa, maduka yalikuwa matupu, na ndani ya umoja uliozaliwa Moshi mivutano ilianza upya kabla wino haujakauka. Juni 20, 1979, Lule aliondolewa baada ya siku 68 tu.

Serumaga akarudi uhamishoni. Safari hii hakuwa akimkimbia Amin, bali alikuwa akiwapinga watu ambao alikuwa ameketi nao meza moja. Alikuwa katika harakati za upinzani alipofariki ghafla mjini Nairobi Septemba 1980, miezi mitatu kabla ya uchaguzi uliomrudisha Obote madarakani. Ilielezwa kwamba ubongo wake ulivuja damu. Wapo walioshuku kwamba kifo hicho kilikuwa na mkono wa mtu, na shaka hiyo imezikwa pamoja naye.

Aliyoyaacha

Ukimsoma Serumaga leo utaona jambo la kusikitisha na la kushangaza kwa pamoja. Karibu kila kazi yake ilimtangulia. Joe Musizi alikimbia wanajeshi kabla ya Amin. Maurice aliishi ugenini kabla ya mtunzi wake. Renga Moi aliacha wanawe wachanga akaenda vitani, akashinda, na aliporudi hakukuta alichokuwa akikipigania. Hata Uganda ya mwaka 1979 ilikuwa hivyo, imekombolewa na imepoteza wakati huohuo.

Vitabu vyake vya Kiingereza bado vinapatikana katika maktaba za vyuo vikuu. Lakini Renga Moi na Amayirikiti haziwezi kusomwa kama vinavyosomwa vitabu, kwa sababu ziliishi katika miili ya wale vijana wa Abafumi, na miili hiyo ilitawanywa na uhamisho. Hiyo ndiyo gharama ya njia aliyoichagua. Kisichoandikwa hakiwezi kuchomwa moto, lakini hakiwezi pia kuwekwa kabatini kikamsubiri mjukuu.

Hata hivyo, njia yenyewe haikufa. Katika makambi ya Kasulu na Kibondo, ambako wazee walipiga ngoma za nchi waliyoikimbia mbele ya watoto waliozaliwa hapahapa Kigoma, fundisho lake lilionekana kwa macho. Watoto hao wengi hawakuwahi kuiona Burundi. Waliipokea kupitia mikono, miguu na mapigo ya ngoma, kabla hawajaambiwa neno lolote juu ya kilichowafukuza wazazi wao.